Kupokelewa Bila Kusikilizwa: Jinsi Mwanamke Anavyopotea Ndani ya Huduma za Afya

Shangazi yangu huuza dagaa na migebuka kwenye mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, na kwa miaka yote niliyomfahamu sijamsikia akilalamikia mwili wake isipokuwa magoti. Kwa hiyo aliposema, asubuhi moja ya kiangazi, kwamba amechoka kiasi cha kushindwa kuinua beseni, kwamba taya linamuuma na jasho jembamba linamtoka ilhali upepo wa ziwani bado ni wa baridi, sisi wa nyumbani tuliogopa. Zahanati ya kwanza ilimwandikia dawa za vidonda vya tumbo. Kituo cha pili, siku mbili baadaye, kilimpima malaria na mkojo, kikamwambia ana U.T.I., kisha tabibu akaongeza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mama apunguze mawazo. Siku ya tano ndipo alipofungwa nyaya za kipimo cha umeme wa moyo, na karatasi iliyotoka mashineni ikaonyesha kwamba sehemu ya msuli wa moyo wake ilikuwa imekosa damu na kufa.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyemtukana au kumfukuza. Wote walimpokea, walimpa kiti, walimwandikia dawa, na mmoja wao alimpunguzia gharama ya vipimo. Nimeanza na kisa chake kwa sababu hiyo hasa: upendeleo wa kijinsia katika tiba mara nyingi hauna sura ya uadui, na anayeutafuta katika sura ya uadui ataumaliza mwaka mzima bila kuuona.

Mtu akikaa kwenye benchi la kituo chochote cha afya mkoani Kigoma, iwe Ujiji, Kasulu au Uvinza, atahesabu wanawake wengi kuliko wanaume, na ana haki ya kuuliza huo upendeleo dhidi ya wanawake uko wapi ikiwa wao ndio wanaojaza foleni. Jibu linapatikana kwa kuangalia kilichowaleta. Wengi wamekuja kwa ajili ya mimba, kwa ajili ya uzazi wa mpango, au wamebeba mtoto. Mlango mkubwa kuliko yote umeandikwa Afya ya Mama na Mtoto, wala sijaona popote mlango ulioandikwa afya ya baba. Hata namna ya kuitana inaeleza jambo hilo, kwa kuwa kila mwanamke anayevuka kizingiti cha hospitali huitwa mama, hata akiwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuja kung'olewa jino. Neno hilo ni la heshima na sitaki liondolewe, ila linaonyesha mwanamke anatazamwa kupitia dirisha gani. Huduma imemjua kupitia kizazi chake, na akija na ugonjwa usiokaa kwenye kizazi, mtumishi anakuwa hana picha yake kichwani.

Makosa yanayofanyika ni ya aina mbili, na yanaonekana kupingana. La kwanza ni kumhesabu mwanamke kuwa sawa na mwanamume mahali ambapo miili yao inatofautiana, yaani katika dozi ya dawa, dalili za ugonjwa na vikomo vya vipimo vya damu. La pili ni kumhesabu kuwa tofauti mahali ambapo wako sawa, yaani katika kuhisi maumivu, katika kusema kweli na katika kuujua mwili wake mwenyewe. Shangazi yangu alikumbwa na yote mawili ndani ya siku tano: dalili zake hazikufanana na picha ya mgonjwa wa moyo iliyozoeleka, na maelezo yake yakapewa jina la mawazo.

Tuanze na moyo. Picha ya mshtuko wa moyo ambayo kila mtu anaijua ni ya mwanamume wa makamo anayejishika kifua na kuanguka. Maumivu ya kifua ndiyo dalili iliyo ya kawaida zaidi kwa jinsia zote mbili, na hilo lisisahauliwe, lakini wanawake huja mara nyingi zaidi kuliko wanaume wakiwa na dalili nyingine zinazofunika hiyo ya kifua au kukaa mahali pake: uchovu usioelezeka, kichefuchefu, maumivu ya taya, shingo au mgongo, kukosa pumzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walichambua kumbukumbu za wagonjwa takriban 600,000 wa mshtuko wa moyo, na katika matokeo waliyotoa mwaka 2016 waliona kwamba uwezekano wa mwanamke kupewa jina lisilo sahihi la ugonjwa wake mwanzoni ulizidi ule wa mwanamume kwa asilimia 50. Hiyo ni Uingereza, ambako kipimo cha umeme wa moyo hakimlazimu mgonjwa kusafiri siku nzima. Mwaka 1991 daktari wa moyo Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alikwishaandika kwamba mwanamke hutibiwa kama mwanamume pale tu anapokwisha kuthibitisha kwamba ugonjwa wake umekuwa mkubwa kama wa mwanamume.

Upo mfano mwingine wa moyo unaofundisha zaidi. Msuli wa moyo ukiumia, protini iitwayo troponini huvuja na kuingia kwenye damu, na daktari hupima wingi wake. Kwa kawaida wanawake wana troponini kidogo kuliko wanaume, lakini kwa muda mrefu kikomo kilichotumika kilikuwa kimoja kwa wote. Watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walitenganisha vikomo hivyo, nanogramu 16 kwa lita kwa wanawake na 34 kwa wanaume, na matokeo waliyochapisha mwaka 2019 yalionyesha kwamba kipimo kipya kiliwafichua wanawake wengi waliokuwa wakipitwa, mara tano ya wanaume walioongezeka. Msomaji atadhani kwamba hapo tatizo lilikwisha. Halikwisha, kwa maana wanawake hao, hata karatasi ya maabara ikiwa mezani, walipata takriban nusu ya matibabu ya moyo waliyopata wanaume. Kipimo kilirekebishwa na mazoea ya anayekisoma yakabaki vilevile.

Je, mwili wa mwanamume uligeukaje kuwa mwili wa kupimia? Sehemu ya jibu ni mazoea ya kale, lakini sehemu kubwa inatokana na nia iliyokuwa njema. Kuanzia mwaka 1957 dawa ya thalidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi, kisha katika nchi nyingi, ikitumiwa pia kutuliza kichefuchefu cha wajawazito, na hadi ilipoondolewa madukani mwishoni mwa mwaka 1961 na baada yake, zaidi ya watoto 10,000 walikuwa wamezaliwa na ulemavu, wengi wakiwa na mikono au miguu isiyokamilika. Marekani iliepuka sehemu kubwa ya janga hilo kwa sababu mtumishi mmoja wa mamlaka ya dawa, Dakta Frances Kelsey, alikataa kuidhinisha dawa hiyo kwa ushahidi hafifu aliopewa. Funzo lililo wazi lilikuwa kwamba dawa ipimwe kwa uangalifu zaidi kabla ya kumfikia mjamzito. Funzo lililochukuliwa likawa jingine. Mwaka 1977 mamlaka hiyohiyo ilitoa mwongozo wa kuwaweka kando, katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, wanawake wote walio na uwezo wa kushika mimba, akiwemo asiye na mume na yule anayetumia uzazi wa mpango. Mwongozo huo ulidumu hadi mwaka 1993. Kwa hiyo dawa nyingi zilizoingia sokoni katika miaka hiyo zilikadiriwa dozi kwa miili ya wanaume, kisha wanawake wakazimeza wakiwa nyumbani, bila mtu wa kuandika kilichowapata.

Hata kwenye panya mambo hayakuwa tofauti. Katika maabara nyingi walitumika panya dume kwa hoja kwamba mzunguko wa homoni wa panya jike ungevuruga matokeo, hoja ambayo wachunguzi walioipima baadaye waliikuta haina msingi, kwa kuwa majike hawakuwa na mabadiliko makubwa kuliko madume. Gharama za uamuzi wa namna hiyo zilijitokeza polepole. Dawa ya usingizi iitwayo zolpidemu iliuzwa Marekani tangu mapema miaka ya 1990, na mwaka 2013 ndipo dozi iliyopendekezwa kwa wanawake ilipopunguzwa kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kubainika kwamba miili yao huiondoa taratibu zaidi na kwamba asubuhi walikuwa wakiendesha magari dawa ikingali kwenye damu. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba kati ya dawa 10 zilizoondolewa sokoni nchini humo tangu mwaka 1997, nane zilikuwa na hatari kubwa zaidi kwa wanawake.

Msomaji wa Kigoma anaweza kusema kwamba hayo ni ya Marekani. Basi tuje kwenye malaria, ugonjwa ambao hakuna nyumba ya mkoa huu isiyoujua. Tanzania ilianza kutumia dawa ya mseto, ALu, kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza hakuruhusiwa kuitumia, kwa sababu usalama wake kwa mimba changa haukuwa umethibitishwa, akabaki na vidonge vya kwinini kwa siku saba, mara tatu kwa siku, pamoja na masikio kuvuma, kichefuchefu juu ya kichefuchefu cha mimba, na hatari ya sukari kushuka. Aliyewahi kumwuguza mjamzito anayemeza kwinini anajua kwamba wengi hawafiki siku ya saba. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto kwa miezi hiyo mitatu ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2022, yaani miaka kumi na sita baadaye. Na ushahidi uliofungua mlango ulitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwa wanawake waliomeza mseto bila kujua kwamba wana mimba, wakafuatiliwa, na watoto wao wakaonekana hawana tatizo kuliko wa waliomeza kwinini. Walizuiwa kushiriki katika majaribio kwa jina la ulinzi, kisha majaribio yakafanyika juu yao hata hivyo, bila mpango, bila ridhaa na bila uangalizi tangu siku ya kwanza.

Kichocho nacho kina historia kama hiyo. Dawa yake, prazikwanteli, ilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje hadi mwaka 2002, wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani waliposhauri kwamba watibiwe kama wengine. Mwanamke anayezaa watoto sita na kuwanyonyesha wote kwa miaka miwili miwili ana miaka mingapi ya utu uzima ambamo hana mimba wala hanyonyeshi? Kuahirisha tiba hadi amalize kunyonyesha ilikuwa, kwa wengi, sawasawa na kuahirisha milele.

Mwaka 2018 jambo hilo lilijirudia mara mbili jirani kabisa na sisi. Mwezi wa Agosti mlipuko wa Ebola ulitangazwa mashariki mwa Kongo, nchi ambayo kutoka hapa tunaiona milima yake ng'ambo ya ziwa siku hewa ikiwa safi, na chanjo iliyopatikana mapema kuliko wakati wowote kabla haikutolewa kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Wanawake ndio waliouguza wagonjwa majumbani na ndio waliokuwa wengi kati ya walioambukizwa, na Ebola kwa mjamzito karibu kila mara humaanisha kumpoteza mtoto aliye tumboni, lakini ni mwaka 2019 ndipo uamuzi ulipobadilishwa na wao wakaanza kuchanjwa.

Mara ya pili ilihusu VVU. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, utafiti wa Botswana uliona dalili kwamba dawa mpya na bora, dolutegraviri, huenda inaongeza kasoro za uti wa mgongo kwa watoto iwapo mama alikuwa akiitumia mimba ilipotungwa. Idadi iliyozua hofu ilikuwa watoto wanne kati ya 426. Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari, na nchi kadhaa za Afrika zikaamua kwamba wanawake wenye umri wa kuzaa wabaki na dawa ya zamani, ile iliyowapa wengi ndoto mbaya na kizunguzungu, wakati wanaume wakihamishiwa mpya. Mwezi wa Julai wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali na kutoa tamko kwamba hawakuulizwa, kwamba si kila mwanamke anataka kuzaa wala kila anayetaka anataka sasa, na kwamba kupewa taarifa na kuchagua ni haki yao. Kadiri takwimu za Botswana zilivyoongezeka, hatari iliyohofiwa iliendelea kupungua, na mwezi wa Julai 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hiyo kwa wote. Nakiri kwamba tahadhari ya mwanzo ilikuwa na sababu, kwa maana thalidomaidi haijasahaulika. Nisichokikubali ni kwamba mtu mzima alihesabiwa kama chombo cha kubebea mimba ambayo bado haipo, na afya yake yeye ikawekwa nyuma ya hiyo mimba.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, la kutoaminiwa. Wagiriki wa kale waliuita uterasi hustera, na kutokana na neno hilo utabibu wa Ulaya ulijitengenezea ugonjwa wa histeria, ambao kwa karne nyingi ulibebeshwa kila malalamiko ya mwanamke yasiyoeleweka, kuanzia degedege hadi huzuni. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliufuta katika orodha yake rasmi ya magonjwa mwaka 1980. Jina limefutwa, kazi iliyokuwa ikifanywa na jina hilo imepewa maneno mengine, na kwetu neno lenyewe ni mawazo. Mwanamke anayesema moyo unamwenda mbio ana mawazo. Asiyelala kwa maumivu ana mawazo. Ni kweli kwamba mawazo huleta ugonjwa, na wanawake wa mwambao huu wanayo ya kutosha, lakini hilo linapaswa kuwa jibu la mwisho baada ya vipimo, wala lisitumike kuviruka vipimo.

Maumivu ya hedhi ndiyo mahali ambapo kutoaminiwa huko huanza mapema kuliko kote. Binti anayezimia darasani kila mwezi huambiwa na mama yake, na bibi yake, na mara nyingi na muuguzi, kwamba hilo ni chango na akizaa litaisha. Kwa wengi hupungua kweli. Lakini takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wenye umri wa kuzaa, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani watu milioni 190 duniani kote, ana endometriosisi, hali ambayo tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi, kwenye ovari, utumbo au kibofu, ikavimba na kuvuja kila mwezi. Duniani huchukua kati ya miaka minne na 12 tangu dalili za kwanza hadi ugonjwa utajwe kwa jina lake. Na kinachokera katika ule ushauri wa akizaa litaisha ni kwamba endometriosisi ni mojawapo ya sababu za kutopata mtoto, hivyo binti anaagizwa dawa ambayo ugonjwa wenyewe unaweza kumnyima, kisha ukweni anaulizwa kwa nini hazai.

Kichocho kinarudi hapa kwa sura nyingine. Mayai ya kichocho cha mkojo, kinachopatikana kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga, yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi na ukeni, yakasababisha vidonda, damu na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Inakadiriwa kwamba wanawake na wasichana wanaofikia milioni 56 barani Afrika wana hali hiyo. Anayelalamika hivyo kituoni huandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa pamoja na karatasi ya kumwita mwenzi wake, asipone, arudi, apewe dozi kali zaidi. Nyumbani hakuna anayeuliza kuhusu majaruba aliyoyalima tangu utotoni, na swali linalobaki ni moja tu, aliupata kwa nani.

Hata mahali penye vifaa vyote mwanamke husubiri. Utafiti wa mwaka 2008 katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya Philadelphia, Marekani, uliona kwamba waliofika na maumivu makali ya tumbo walingoja dawa ya kutuliza maumivu kwa dakika 65 wakiwa wanawake na dakika 49 wakiwa wanaume, ingawa kiwango cha maumivu walichokitaja kilifanana.

Dhana kwamba maumivu ya mwanamke yanavumilika ilijengwa, kwa sehemu, juu ya miili ya wanawake wenye asili ya Afrika. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alijaribu upasuaji wa fistula kwa wanawake waliokuwa watumwa, miongoni mwao Anarcha, Betsey na Lucy, bila ganzi wala dawa ya usingizi, na Anarcha peke yake alipasuliwa takriban mara 30. Etha, dawa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji, ilionyeshwa hadharani mwaka 1846, na yeye aliendelea bila kuitumia. Sanamu yake iliondolewa pembeni mwa bustani ya Central Park, New York, mwaka 2018. Fistula yenyewe imepungua sana katika nchi tajiri, lakini huku kwetu bado inatokea pale uchungu unapokaa siku mbili au tatu bila upasuaji, kichwa cha mtoto kikabana nyama kwenye mfupa wa nyonga hadi zikafa, na mwanamke akabaki akivuja mkojo. Katika vijiji vya mwambao kama Kagunga au Kalya, ambako mgonjwa wa rufaa husubiri boti na ziwa litulie, siku mbili zinapita upesi.

Nikifika kwenye chumba cha kujifungulia sina budi kusema jambo ambalo wanaume wenzangu hulishangilia kwa haraka: mara nyingi anayemfokea mzazi ni mwanamke. Lile swali la kuuliza kama ulipokuwa ukiitafuta mimba ulilia hivi, nimesimuliwa na wanawake wa Mwanga, wa Kasulu na wa Kibondo kwa maneno yanayokaribiana mno. Halipunguzi hoja. Upendeleo unaozungumziwa hapa umo katika mafunzo na mazoea, na muuguzi aliyefundishwa kwamba mzazi hupiga kelele kwa deko atafundisha hivyohivyo anayemfuata. Aidha, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, wanawake ni karibu asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na ustawi wa jamii duniani, lakini wanashika asilimia 25 tu ya nafasi za juu za uongozi. Mkunga mmoja wa zamu ya usiku mwenye wazazi watano, taa inayokatika na glavu zinazohesabiwa naye amebebeshwa mzigo uliopangwa na watu wasiokesha naye.

Kigoma yenyewe ina jaribio ambalo ningependa lijulikane zaidi. Kati ya mwaka 2016 na 2018 baadhi ya vituo vya mkoa huu viliruhusu mjamzito awe na msindikizaji katika chumba cha kujifungulia, jambo ambalo katika vituo vingi vya nchi lilikuwa likikatazwa kwa sababu ya msongamano na kukosekana kwa mapazia. Mapazia yaliwekwa, wasindikizaji wakaelekezwa kazi yao, na wanawake waliopata huduma hiyo walieleza kuridhika na kutendewa kwa upole kuliko wale wa vituo visivyokuwa na utaratibu huo. Shahidi akiwepo, ulimi hujizuia.

Mwenzi akigeuzwa kuwa sharti, mambo huwa tofauti. Katika kliniki za wajawazito nchini imezoeleka kumtaka mwanamke aje na mwenzi wake hudhurio la kwanza, ili wote wapimwe VVU na baba ajue dalili za hatari, na nia hiyo haina ubaya. Lakini asiye na mwenzi, aliyeachwa, au ambaye mume wake amekwenda kuvua na hatarudi kabla mwezi haujaandama, hutumwa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa kuchukua barua inayothibitisha kwamba hana mtu. Fikiria binti wa miaka ishirini akisimama mbele ya ofisi ya kijiji na kueleza, watu wakisikia, kwamba aliyempa mimba amemkana. Wapo wanaoamua kusubiri, na hudhurio la kwanza linasogea hadi mwezi wa sita wa mimba. Wapo pia wanaomlipa dereva wa bodaboda aje kukaa benchi kama mume, jambo ambalo lingechekesha kama lisingeharibu maana nzima ya kupima wenzi.

Haki inanitaka niseme upande wa pili. Wanaume nao wanaumizwa na fikra za kijinsia: huchelewa kupima VVU, huchelewa kuanza dawa, huona aibu kukaa kwenye foleni iliyojaa wanawake, na wengi huletwa wamebebwa. Tena nchi hii imeonyesha kwamba ikiamua kuwahesabu wanawake inaweza kuwaokoa. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Vituo vya afya vya vijijini vimepewa uwezo wa kufanya upasuaji, na mjamzito wa dharura sasa anaweza kuitiwa usafiri bila malipo kwa kupiga 115. Lakini mafanikio hayo nayo yanamhusu mwanamke mwenye mimba. Shangazi yangu ana miaka hamsini na minane. Namba 115 haikuwekwa kwa ajili yake, hakuna kadi inayomfuatilia, na presha yake haikuwa imepimwa tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kwa sababu mara ya mwisho kituo cha afya kilipokuwa na sababu ya kumwita kwa jina ilikuwa siku ya chanjo ya mtoto huyo.

Alipona kwa kadiri mtu anavyopona katika hali hiyo. Anameza vidonge vinne kwa siku, habebi tena beseni, na binti yake ndiye anayeshuka mwaloni alfajiri. Ile karatasi ya kipimo cha moyo ameitia kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga kwenye pindo la kanga, na kila anapokwenda kituo cha afya, hata kwa kikohozi, huitoa na kuiweka mezani kabla ya kusema lolote. Wino wake umeanza kufifia, kama ilivyo kawaida ya karatasi za namna hiyo, kwa hiyo mwezi uliopita aliniomba nimpigie nakala mbili mjini. Moja ameiacha kwa binti yake.